Gilbert Newton Lewis: Mwalimu Aliyechora Vifungo vya Atomi kwa Nukta

Kila unapoandika alama ya elementi na kuizungushia nukta ili kuonyesha elektroni za mzingo wa nje, unatumia zana iliyobuniwa na mtu mmoja. Jina lake ni Gilbert Newton Lewis, mwanakemia wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1875 na 1946. Wanafunzi wengi hukutana na jina lake katika maneno "mchoro wa Lewis" na kulipita haraka. Tutasimama hapa kidogo, kwa sababu ukijua nukta hizo zilitoka wapi na zilikusudiwa kutatua tatizo gani, mada ya vifungo vya kemikali haitakuwa tena orodha ya kukariri.

Utakapomaliza sehemu hii, uweze:
(a) kueleza jinsi Lewis alivyofikia wazo la kuchangia jozi ya elektroni;
(b) kuchora michoro ya nukta ya molekuli rahisi bila kusahau elektroni yoyote;
(c) kutaja mambo ambayo mchoro wa nukta hauwezi kuyaonyesha.

1. Utoto na masomo

Lewis alizaliwa mwezi Oktoba 1875 huko Weymouth, katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, familia yake ilihamia Lincoln, Nebraska. Sehemu kubwa ya masomo yake ya utotoni aliipata nyumbani kwa wazazi wake. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Nebraska, kisha akahamia Harvard, ambako alipata shahada ya kwanza mwaka 1896. Alifundisha shule kwa mwaka mmoja, akarudi Harvard, na mwaka 1899 akapata shahada ya uzamivu chini ya Theodore Richards, mtaalamu wa kupima uzito wa atomi.

Baada ya hapo alikwenda Ujerumani, ambayo wakati huo ilikuwa kitovu cha kemia duniani. Alifanya kazi Leipzig katika maabara ya Wilhelm Ostwald, na Göttingen katika maabara ya Walther Nernst. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Ostwald, mmoja wa wakubwa wa kemia wa zama hizo, alikuwa bado hakubali kwamba atomi ni vitu halisi. Elektroni nayo ilikuwa na miaka michache tu tangu J. J. Thomson aigundue mwaka 1897. Kiini cha atomi kilikuwa hakijagunduliwa. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuchora mpangilio wa elektroni ndani ya atomi alikuwa akichora kitu ambacho baadhi ya wakubwa wake hawakuamini kama kipo.

2. Darasa la mwaka 1902

Lewis alirudi Harvard kufundisha. Kati ya majukumu yake ilikuwa kuwaeleza wanafunzi wa mwanzo sheria za valensi: kwa nini sodiamu moja huungana na klorini moja, kwa nini magnesiamu moja huhitaji klorini mbili, na kwa nini jedwali la elementi hurudia tabia zilezile kila baada ya hatua nane. Sheria hizo zilijulikana. Sababu yake haikujulikana.

Ili wanafunzi wapate kitu cha kuangalia, Lewis alichora atomi kama mchemraba. Mchemraba una pembe nane. Kila elektroni ya nje aliiweka kwenye pembe moja. Sodiamu ikapata elektroni moja kwenye pembe moja, magnesiamu mbili, alumini tatu, na kuendelea hadi klorini yenye saba. Baada ya klorini, mchemraba unajaa pembe zote nane, na hapo ndipo inapokaa gesi adimu ambayo haitaki kuungana na chochote.

Sasa angalia mchoro huo unavyojieleza wenyewe. Sodiamu ina elektroni moja iliyo peke yake. Klorini ina pembe moja iliyo wazi. Elektroni ya sodiamu ikihamia kwenye pembe hiyo, mchemraba wa klorini unajaa, na sodiamu inabaki na tabaka la ndani ambalo tayari limekamilika. Sodiamu inakuwa ayoni chanya, klorini ayoni hasi, na ayoni hizo huvutana. Hiyo ndiyo chumvi ya mezani.

Karatasi yenye michoro hiyo, ya tarehe 28 Machi 1902, ilihifadhiwa. Lakini wazo lilikuwa na pengo kubwa, na Lewis alilijua. Mchemraba wake ulieleza vizuri chumvi na vitu vya aina hiyo, ambamo elektroni huhama. Haukueleza gesi ya haidrojeni, ambayo atomi zake mbili zinafanana kabisa. Ni ipi itoe na ni ipi ipokee? Wala haukueleza methani, wala vitu vingine vingi vya kaboni. Pengo hilo ndilo lililomfanya afikiri kwa miaka mingi.

3. Miaka 14 ya kusubiri

Lewis hakuchapisha michoro yake. Pale Harvard hapakuwa na hamu kubwa ya nadharia za namna hiyo. Kazi iliyothaminiwa ilikuwa ya vipimo sahihi. Mwaka 1904 aliondoka, akaenda Manila, Ufilipino, iliyokuwa chini ya Marekani, kusimamia ofisi ya vipimo na mizani. (Karatasi ngumu ya manila mnayochorea chati darasani imepata jina lake kutokana na mji huo, kwa sababu zamani ilitengenezwa kwa nyuzi za katani ya Manila.) Mwaka 1905 alirudi Marekani na kuanza kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, na mwaka 1912 akahamia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kuongoza masomo ya kemia. Mwaka huohuo alimwoa Mary Hinckley Sheldon. Walijaliwa watoto watatu.

Katika miaka hiyo alijulikana zaidi kwa kazi ya nishati na athari za kemikali. Michemraba ilibaki kwenye karatasi zake na katika mazungumzo na wenzake.

4. Makala ya mwaka 1916

Mwaka 1916 Lewis alichapisha makala kuhusu atomi na molekuli katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani. Humo alijaza lile pengo. Alipendekeza kwamba atomi mbili zinaweza kushikana bila yoyote kumpa mwenzake elektroni. Zinachangia jozi moja ya elektroni, na jozi hiyo huhesabiwa kwa kila mmoja wao.

Fikiria watu wawili walionunua jembe moja kwa kuchangiana. Ukimuuliza wa kwanza kama ana jembe, atasema analo. Ukimuuliza wa pili, naye atasema analo. Jembe ni moja, lakini hakuna kati yao anayeweza kwenda nalo mbali na mwenzake. Ndivyo jozi ya elektroni inavyozifunga atomi mbili za haidrojeni.

Kwa michemraba, Lewis alionyesha hivi: atomi mbili za klorini huwekwa kando kwa kando hadi zichangie ukingo mmoja. Ukingo una pembe mbili, yaani elektroni mbili. Hicho ni kifungo kimoja. Atomi mbili za oksijeni huchangia uso mzima wenye pembe nne, yaani jozi mbili. Hicho ni kifungo maradufu.

Jaribu sasa naitrojeni, ambayo atomi zake mbili huchangia jozi tatu. Chukua maboksi mawili ya chaki na ujaribu kuyagusanisha ili yachangie pembe sita tu. Utashindwa. Lewis naye aliliona hilo, na katika makala ileile akapendekeza umbo lingine: jozi nne za elektroni zikae kwenye pembe nne za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu. Piramidi mbili zikigusana kwa pembe moja, ni kifungo kimoja. Zikigusana kwa ukingo, ni kifungo maradufu. Zikigusana kwa uso, pembe tatu, ni kifungo cha mara tatu. Naitrojeni ikapata nafasi yake, na umbo la methani nalo likapatana na yale ambayo wanakemia walikuwa wameyajua kuhusu kaboni tangu karne ya 19.

Somo la kuchukua hapa ni hili: zana ya kufundishia inapogoma, hutupi kemia, unabadilisha zana.

Katika makala hiyo pia ndimo alimoanza kutumia nukta kuzunguka alama za elementi. Mchemraba ni kazi kuuchora, hata kwa mwenye mkono mzuri. Nukta zinamtosha yeyote mwenye kalamu. Mwaka huohuo Mjerumani Walther Kossel alichapisha kazi yake kuhusu vifungo vya ayoni, akifikia kwa njia yake mwenyewe wazo la elektroni kuhama ili atomi ifanane na gesi adimu.

5. Tumia nukta kama Lewis

Usisome sehemu hii ukiwa umekaa tu. Tafuta punje za mahindi na za maharage. Mahindi yawe elektroni za atomi moja, maharage ya atomi nyingine. Chora duara mbili zinazopishana kidogo kwenye karatasi. Punje zilizo ndani ya eneo la kupishana ndizo jozi inayochangiwa.

Fuata hatua hizi kila mara:

Hatua ya 1: Jumlisha elektroni za nje za atomi zote.
Hatua ya 2: Weka jozi moja kati ya kila atomi mbili zilizoungana.
Hatua ya 3: Elektroni zilizobaki zigawe kuzunguka atomi za nje, kisha atomi ya kati, hadi kila moja ifikishe nane (haidrojeni mbili).
Hatua ya 4: Ikiwa atomi ya kati haijafikisha nane, geuza jozi zisizofunga za jirani ziwe jozi za kuchangia.

Mfano wa kwanza: maji. Oksijeni ina 6, haidrojeni mbili zina 2. Jumla ni 8. Vifungo viwili vinatumia 4. Zinabaki 4, yaani jozi mbili, na zote zinakaa kwa oksijeni. Wengi hupoteza alama hapa: huchora vifungo viwili na kuacha zile jozi mbili zisizofunga. Ukiziacha, oksijeni yako ina elektroni nne tu.

Mfano wa pili: dioksidi ya kaboni. Kaboni ina 4, oksijeni mbili zina 12. Jumla ni 16. Vifungo viwili vinatumia 4, zinabaki 12. Kila oksijeni inapata jozi tatu, na punje zimekwisha. Lakini kaboni ina elektroni nne tu. Sogeza jozi moja kutoka kila oksijeni iingie katikati. Sasa kaboni ina nane, kila oksijeni ina nane, na una vifungo viwili maradufu.

Mfano wa tatu: kloridi ya sodiamu. Usichangie kitu hapa. Punje moja ya sodiamu inahama kabisa. Chora ayoni mbili zilizotengana, kila moja ndani ya mabano, na chaji yake juu upande wa kulia. Mabano na chaji si mapambo. Bila hivyo mchoro wako unasema kitu kingine.

Tahadhari moja: tunatumia mahindi na maharage, au nukta na misalaba, ili tujue elektroni ilitoka kwa nani. Elektroni zenyewe hazina tofauti. Zikishachangiwa, hakuna kipimo kinachoweza kuzitenganisha ya huyu na ya yule.

6. Wazo linapopata msemaji mwingine

Makala ya Lewis haikusambaa upesi. Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, na Lewis akapelekwa Ufaransa kufanya kazi ya kuwakinga askari dhidi ya gesi za sumu. Aliporudi, Irving Langmuir, mwanakemia wa kampuni ya General Electric, alikuwa akiiendeleza nadharia hiyo. Kuanzia mwaka 1919 Langmuir aliandika makala na kutoa mihadhara mingi. Alikuwa msemaji hodari, na yeye ndiye aliyeleta neno lililozaa jina la kifungo cha kovalenti. Langmuir alikiri kwamba alianzia kwenye kazi ya Lewis, lakini kadiri mihadhara ilivyoongezeka, baadhi ya watu walianza kuitaja nadharia kwa jina la Langmuir peke yake.

Lewis aliumizwa na jambo hilo. Mwaka 1923 alichapisha kitabu kuhusu valensi na muundo wa atomi na molekuli, na humo akaweka wazi historia ya wazo lake tangu ile karatasi ya mwaka 1902. Leo historia imempa haki yake: michoro inaitwa kwa jina la Lewis, na neno kovalenti linabaki ukumbusho wa Langmuir. Lakini jiulize ingekuwaje kama karatasi ile ingepotea. Tarehe iliyoandikwa kwenye daftari ni shahidi. Nawe unapofanya jaribio maabara, andika tarehe.

7. Mwalimu wa Berkeley

Lewis aliongoza kemia Berkeley kwa miaka mingi. Hakuwa mtu wa mihadhara mirefu mbele ya darasa. Nguvu yake ilikuwa kwenye mjadala. Kila wiki aliendesha kikao cha utafiti ambamo mwanafunzi na profesa walikaa pamoja, na yeyote aliruhusiwa kuuliza au kupinga. Alitaka pia walimu wakubwa washiriki kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, badala ya kuwaachia wasaidizi.

Matunda yake yanaonekana. Harold Urey, William Giauque, Glenn Seaborg na Willard Libby, wote walipata shahada ya uzamivu Berkeley katika idara yake, na wote walipata Tuzo ya Nobel. Lewis mwenyewe alipendekezwa kwa tuzo hiyo zaidi ya mara 30, lakini hakuipata kamwe. Langmuir aliipata mwaka 1932, kwa kazi nyingine ya kemia ya nyuso.

8. Kazi nyingine na kifo

Ukikutana na jina la Lewis katika mada nyingine, usishangae. Mwaka 1923 alitoa maana mpya ya asidi na besi: asidi ni kitu kinachopokea jozi ya elektroni, besi ni kinachoitoa. Kwa maana hiyo, trifloridi ya boroni ni asidi ingawa haina haidrojeni hata moja, na amonia inayoipa jozi yake ni besi. Mwaka huohuo, pamoja na Merle Randall, alichapisha kitabu cha thermodinamiki kilichofundisha vizazi vya wanakemia. Mwaka 1926 alilitoa neno fotoni, ingawa maana aliyoikusudia si ileile tunayoitumia leo. Mwaka 1933 alifanikiwa kupata maji mazito yaliyo karibu safi kabisa.

Tarehe 23 Machi 1946 alikutwa amefariki katika maabara yake Berkeley, alipokuwa akifanya jaribio. Alikuwa na umri wa miaka 70.

9. Mipaka ya nukta

Mtahini anapenda kuuliza kama unajua mahali ambapo kanuni ya nane inashindwa. Kumbuka mifano hii. Katika trifloridi ya boroni, boroni ina elektroni sita tu. Katika pentakloridi ya fosforasi, fosforasi huzungukwa na kumi, na katika heksafloridi ya salfa, salfa huzungukwa na kumi na mbili. Oksidi ya naitrojeni, NO, ina jumla ya elektroni 11, kwa hiyo lazima moja ibaki bila mwenza. Na oksijeni, ambayo mchoro wake unaonyesha kila elektroni ina mwenza, ikigeuzwa kimiminika huvutwa na sumaku, jambo linaloonyesha kwamba zipo elektroni zisizo na wenza.

Lewis hakuifanya nane kuwa amri. Kwake yeye, jozi ilikuwa na uzito kuliko nane. Mwaka 1927 Walter Heitler na Fritz London walitumia fizikia ya kwanta kueleza kwa nini elektroni mbili zinaweza kuzishikanisha atomi mbili za haidrojeni. Jozi ya Lewis ikapata msingi ambao yeye hakuwa nao alipoichora.

Pia usisahau: nukta huonyesha hesabu, hazionyeshi umbo. Ukichora maji katika mstari ulionyooka, hesabu ya nukta itakuwa sahihi, lakini molekuli halisi imepinda.

Mambo ya kukumbuka

• Mwaka 1902: atomi kama mchemraba, zana ya kufundishia.
• Mwaka 1916: jozi inayochangiwa na michoro ya nukta.
• Kifungo cha ayoni: elektroni huhama. Kifungo cha kovalenti: jozi huchangiwa.
• Mchemraba ulishindwa kuonyesha kifungo cha mara tatu. Piramidi ya nyuso nne ikachukua nafasi.
• Kanuni ya nane ni mwongozo mzuri, lakini ina mipaka.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mchemraba wa mwaka 1902 uliweza kueleza kloridi ya sodiamu lakini haukuweza kueleza gesi ya haidrojeni.
2. Chora michoro ya nukta ya amonia, methani na naitrojeni. Onyesha jumla ya elektroni kwa kila mchoro.
3. Mwanafunzi amechora maji yenye elektroni nne tu. Amesahau nini?
4. Kwa kutumia maana ya Lewis, taja asidi na besi pale amonia inapoungana na trifloridi ya boroni. Toa sababu.
5. Taja molekuli mbili zisizofuata kanuni ya nane na ueleze kila moja.

Kidokezo: katika swali la 2, jumla zako ziwe 8, 8 na 10. Zikiwa tofauti, rudi kwenye hatua ya 1 kabla ya kuchora upya.